Kuandaa mdahalo wa sekondari: je, ni haki kuhamia Mirihi?

Mada ikiwa "Binadamu ahamie Mirihi?", muda wote utaishia kwenye roketi. Iandike hivi: "Hata ikiwezekana, si haki kujenga makazi ya kudumu Mirihi." Mwenyekiti akumbushe hayo maneno mawili ya mwanzo kila msemaji anapopotea.

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Wasemaji watatu kila upande, dakika 5 kila mmoja. Michango ya ukumbi dakika 25. Majumuisho dakika 4 kwa kila upande. Kengele igongwe dakika ya nne na ya tano ya kila msemaji.

Siku tatu kabla, pande zote zipewe karatasi ileile: Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza nchi kujimilikisha sayari, sheria ya Marekani ya 2015 inawaruhusu raia wake kumiliki madini watakayochimba huko, safari ni miezi sita hadi tisa, nafasi nzuri ya kuondoka huja kila miezi 26 hivi, mvutano ni asilimia 38 ya wa dunia. Bila karatasi hiyo, wenye midomo watabuni takwimu na hakuna atakayewabishia.

Shule za Mbarali, lazima mtu ataje wafugaji waliohamishwa kwa nguvu bonde la Ihefu 2006 na 2007. Msimzime. Mwulizeni: Mirihi haina wenyeji, sasa anayedhulumiwa nani? Hapo ndipo mdahalo unapoanza. Wengi watajibu vijidudu, na wana hoja: vyombo vya Viking vilivyotumwa Mirihi vilichomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 110 kabla ya kurushwa 1975, visipeleke vijidudu vya dunia, ila mtu huwezi kumchoma. Wengine watamtaja mtoto atakayezaliwa huko bila kuulizwa. Kibarua husahaulika, naye ndiye hoja nzito kuliko zote. Mchuma chai wa Mufindi akigoma, atapoteza nyumba ya kampuni na kupanda basi kurudi kwao. Wa Mirihi hata hewa anayovuta inatoka kwenye mtambo wa mwajiri.

Wapinzani wa mada, yaani wanaotetea kuhamia, wasiegemee "dunia itaharibika"; dunia iliyochakaa bado ina hewa. Bora waseme watu wazima wamejitolea wenyewe, kisha wajiandae kuulizwa kama anayejitolea anaweza kubadili nia akishafika.

Kimondo cha Mbozi kitatajwa pia. Ni chuma, hakikutoka Mirihi. Mwenyekiti asikipe zaidi ya dakika moja.

Kura zipigwe mara mbili, kabla na baada, kwa vikaratasi. Mikono ikiinuliwa, kidato cha kwanza hufuata viranja. Ushindi ni wa upande ulioongeza kura, hata kama bado ni wachache.