Mchanga kwanza: kumfuga Halichoeres iridis kwenye tangi la matumbawe

Samaki huyu ni wa huku kwetu, magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ni jamaa ya pono, urefu wake sentimita 11 hivi akikua: kichwa rangi ya chungwa chenye mistari ya samawati, mwili wa damu ya mzee. Ukimpa mchanga unaomfaa, mengine ni mepesi. Ukimnyima, hadumu.

1. Panga mawe kwanza, yakae juu ya kioo cha chini chenyewe, ndipo umwage mchanga. Ukianza na mchanga, atachimba chini ya mawe na yatamlalia. Mchanga uwe laini, kina kisipungue sentimita 5. Usiku hulala humo, na akishtuka hupiga mbizi humo kichwa mbele; akikuta kioo kitupu anaumia mdomo, na mdomo ukioza hali tena.

2. Funika tangi kwa wavu, hata pale mabomba yanapopita. Anaruka.

3. Tangi liwe la lita 250 au zaidi, limekomaa kwa miezi kadhaa, mawe yake yamejaa vijidudu vya kudonoa. Joto nyuzi 25, uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji baridi 1.025.

4. Mtenge kwanza kwenye tangi dogo lenye bakuli la mchanga. Dawa ya shaba (ya kuua vimelea vya samaki) isifike tangi kuu kabisa: itaua matumbawe na kamba.

5. Mwingize taa zikiwa zimezimwa. Atazama mchangani papo hapo, na huenda usimwone siku kadhaa. Tafadhali usimfukue! Hapo ndipo wengi wanapowapoteza. Saa yake ya mwili bado haijazoea taa zako, basi mwache. Siku moja utaona macho na ncha ya mdomo tu vimechomoza mchangani. Atatulia hivyo kitambo, akikagua, kisha atajitikisa na kutoka mzima mzima.

6. Mlishe kamba wadogo wa kugandishwa, kidogo kidogo, mara 3 kwa siku. Tumbo likibonyea, ongeza mlo. Matumbawe hayagusi, na minyoo bapa anakusafishia. Ila kamba wadogo wa mapambo huwala.

Ukitaka wawili, wachukue wote wakiwa bado wadogo. Huanza maisha wakiwa majike, na mkubwa wao ndiye hugeuka dume. Madume wawili watapigana.