Gari la zamani likichemsha: tafuta ubovu kabla ya kung'oa themostati

Sindano ya geji ya joto ikianza kupanda, zima AC, fungua hita hadi mwisho, tafuta kivuli usimame. Ukiona mvuke kwenye boneti, zima injini mara moja, kisha ngoja. Kwa jua la Malindi la Januari nusu saa haitoshi. Subiri mpaka uweze kuubana mpira wa juu wa rejeta bila kuungua, nao uwe laini mkononi. Kifuniko cha rejeta chenye alama ya 0.9 hushikilia mgandamizo wa 0.9 ba, na chini yake maji hufika karibu digrii 118 bila kuchemka. Ukikifungua mapema, sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha yaliyobaki usoni mwako. Wala usimwagie injini iliyokauka maji baridi, hedi (kichwa cha injini) hupasuka.

Hatua ya 1: Lilichemsha likifanya nini?

Swali hili huokoa pesa nyingi kuliko spana yoyote. Likichemsha kwenye foleni au kwenye mchanga wa Mambrui, gia ya kwanza, kisha likatulia ukishika lami, shuku feni. Likiwa sawa mjini halafu likachemsha ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa njia ya Garsen, rejeta imeziba au maji hayazunguki ipasavyo. Likichemsha ndani ya dakika chache tangu kuwashwa asubuhi, ama maji ni kidogo, ama themostati (valvu inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikipata moto) imekwama ikiwa imefunga, ama gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku) imekwenda.

Hatua ya 2: Maji yanatokea wapi?

Kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) ikikauka huacha alama nyeupe au ya kijani. Ifuate kutoka chini kwenda juu. Kagua maungio ya tangi la plastiki la rejeta, ncha za mipira chini ya klempu, kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, na vile vizibo vya duara ubavuni mwa bloku, ambavyo huoza kwa ndani. Zulia la abiria likilowa na kunata, rejeta ndogo ya hita inavuja. Mpira wa kifuniko ukiwa umepasuka, nunua kingine chenye namba ileile. Kuweka 1.1 mahali pa 0.9 huweza kupasua rejeta iliyochoka.

Hatua ya 3: Feni

Feni ya umeme isipowaka geji ikipita kati, chomoa plagi yake uipe umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili. Ikizunguka, mota ni nzima. Rudi kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowashwa na umeme) na swichi ya joto. Angalia vichwa vya nyaya kwa makini: hewa ya bahari huviotesha ukoko wa kijani, umeme ukapita kidogo tu.

Kwenye Hilux na Land Cruiser za zamani feni hukaa juu ya klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa moto na imezimwa, sukuma feni kwa kidole. Ikizunguka mizunguko kadhaa bila kizuizi, klachi imekufa. Kava la plastiki linalozunguka feni nalo lirudishwe kama lilitupwa. Bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Hatua ya 4: Rejeta

Hapa ndipo magari ya pwani hufia. Mwamba wetu ni wa matumbawe, na maji mengi ya visima yana chumvi na chokaa. Chokaa hujenga gamba ndani ya vijia vya maji vya rejeta, chumvi hula alumini ya hedi na mapanga ya pampu. Kwa nje, mapezi ya rejeta husagika yakawa unga mweupe ukiyagusa. Yakifika hapo, hakuna cha kuosha, badilisha.

Kama bado ni mazima, osha kwa maji ya mpira yenye nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili mbegu za nyasi na wadudu watoke walikoingilia. Kisha pasha injini moto, zima, chomoa plagi ya feni, pitisha kiganja karibu na rejeta. Joto lipungue polepole kuelekea upande maji yanakotokea. Ukikuta kiraka baridi katikati ya moto, vijia vya hapo vimeziba.

Kwa gamba la wastani tumia unga wa asidi ya limau, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Mfumo wa lita 6 unataka gramu 300. Endesha injini ikiwa moto kwa dakika 15 hadi 20, mwaga, suuza mara tatu. Usitumie kostiki soda, inayeyusha alumini. Ujue pia kwamba gamba likitoka, tundu lililozibwa nalo linaweza kuanza kuvuja. Afadhali livuje nyumbani kuliko njiani huko Minjila.

Hatua ya 5: Themostati

Asikudanganye mtu kwamba gari la pwani halihitaji themostati. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto haipiti kwenye rejeta kabisa.

Ipime. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na kipimajoto kando yake. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na digrii 82, na ifikapo 95 iwe imeachia kama milimita 8. Ukiirudisha, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu, hewa ipite.

Hatua ya 6: Pampu na mipira

Mkanda usiteleze, pampu isicheze. Kanyaga mafuta huku ukitazama mpira wa chini: ukinywea, ubadilishe.

Hatua ya 7: Gasketi ya hedi

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa. Mapovu yasiyokoma, mipira kuwa migumu asubuhi kabla ya kuwasha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili zake. Hedi ikishushwa, ipime kwa rula ya chuma na filageji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya): kwa Toyota nyingi za silinda 4 kupinda kusizidi milimita 0.05. Kausha mashimo ya bolti kwenye bloku, kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza).

Kujaza

Changanya nusu kulanti, nusu maji ya mvua au maji ya kuongezea betri, si asidi. Inua pua ya gari, fungua hita, mimina taratibu kifuniko kikiwa wazi. Mpira wa juu ukipata moto ghafla, themostati imefunguka. Maji yatashuka, ongeza, funga. Pima tena asubuhi injini ikiwa baridi. Yakiendelea kupungua siku ya tatu na hakuna doa chini, rudi hatua ya 7.