Somo: swali la kurukaruka kwenye arei, usichague pa kutua

Wakuu leo tufanye lile zoezi la programu linalowasumbua wengi. Unapewa arei (visanduku vilivyopangwa mstari) ya namba zisizo hasi, unasimama indeksi 0 (indeksi ni namba ya nafasi ya kisanduku, inaanza 0), na namba iliyopo pale ulipo inakwambia mwisho wa visanduku unavyoweza kuruka kwenda mbele, pungufu yake ruksa. Swali: utafika kisanduku cha mwisho au hufiki?

Chukua hii: [2, 3, 1, 0, 1, 4]

Hatua ya 1. Kabla ya kuandika kodi (maelekezo ya programu) shika daftari uijaribu kwa mkono. Wengi wakisikia mbinu ya tamaa (greedy, yaani kila hatua unachukua kinachoonekana bora pale pale) wanadhani ni kuruka mbali kila mara, sasa jaribu uone: upo 0, unaruka 2, unatua indeksi 2 penye 1, unasogea indeksi 3, pale kuna 0, umekwama. Utaandika "hafiki" na ni uongo, maana 0 kwenda 1, 1 kwenda 4, 4 kwenda 5, umefika. Hapa ndo watu wanapopotea, tamaa ni sahihi ila wameielekeza kwenye kitu kisicho chake.

Hatua ya 2. Acha kabisa kuchagua pa kutua. Weka kigeu kimoja tu (jina linaloshika namba inayobadilika), kiite mbali, yaani indeksi ya mbali zaidi inayofikika mpaka sasa.

Hatua ya 3. Pita lupu moja (kurudia hatua zile zile kwa kila kisanduku); n ni idadi ya visanduku, a[i] ni namba iliyopo indeksi i:

mbali = 0
kwa kila i kuanzia 0 hadi n-1:
    kama i > mbali: rudisha SIYO
    mbali = kubwa kati ya mbali na i + a[i]
rudisha NDIYO

Kwa mfano wetu mbali inaenda 2, 4, 4, 4, 5, halafu i ikiwa 5 haijaipita mbali, basi NDIYO. Ile 1 ya indeksi 4 ukiigeuza kuwa 0, mbali inagoma kwenye 4, i ikifika 5 unarudisha SIYO.

Kwa nini inakubali? Kwa sababu unaruhusiwa kuruka pungufu ya namba uliyopewa, kwa hiyo kama indeksi 4 inafikika basi na zote za nyuma yake zinafikika, hakuna shimo katikati. Naomba hili ulielewe vizuri kuliko hata kodi yenyewe. Muda ni O(n), yaani unakua sambamba na idadi ya visanduku, memori ni kigeu kimoja.

MASWALI

Swali: Mkuu, wakitaka idadi ndogo kabisa ya miruko?
Jibu: Ongeza vigeu viwili, mwisho na hesabu, vyote vinaanza 0. Kila i unasasisha mbali kwanza, kisha i ikiwa sawa na mwisho unaongeza hesabu kwa 1 na mwisho inakuwa mbali. Kwa mfano wetu jibu ni 3. Lupu iishie n-2 tafadhali, ukienda hadi n-1 utapata 4, maana utahesabu mruko ukiwa umeshafika. Na hii ni pale wanapokuhakikishia kwamba mwisho unafikika.

Swali: Arei yenye [0] peke yake?
Jibu: NDIYO, umeshasimama mwisho tayari.

Swali: Mbona swali la sarafu (kufikisha kiasi fulani kwa sarafu chache kabisa) nimetumia tamaa nikakosa?
Jibu: Sarafu 1, 3 na 4, unatafuta 6. Tamaa inachukua 4+1+1, sarafu tatu, wakati 3+3 ni mbili. Kule ukishika 4 umejifungia njia, huku mbali ikikua haikunyimi kitu chochote ulichokuwa nacho mwanzo.

Swali: Na kama lazima niruke idadi kamili, sio pungufu?
Jibu: Basi ile hoja ya kutokuwa na shimo imekufa na kodi hii usiitumie. Ila kila kisanduku sasa kina njia moja tu ya kutoka, kwa hiyo fuata i = i + a[i], ukitua mwisho ni NDIYO, ukikuta 0 kabla ya mwisho au ukiupita ni SIYO.