Tia alama kwenye kaboni kabla ya kuzichomoa

Unapofungua kifyonza vumbi cha zamani, kama kile cha Goblin nilichokisafisha juzi hapa Nakuru, chomoa plagi ukutani kwanza, kisha uzitie kaboni mbili za mota (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) alama ya chaki, upande na sehemu ya juu, ili kila moja irudi palepale ilipotoka na ikielekea kulekule. Ncha ya kaboni hulika kwa miaka mingi hadi ikafuata mviringo wa komyuteta, yaani ile silinda ya shaba inayozunguka na kuguswa na kaboni. Ukiigeuza, inagusa kwa ukingo mdogo tu, cheche zinaongezeka na shaba inaungua. Nasisitiza hili kwa sababu mashine hizo za Goblin, zilizotoka katika kampuni ya Hubert Cecil Booth, Mwingereza aliyeomba hataza ya ufyonzaji vumbi mwaka 1901, hazitengenezwi tena, na komyuteta iliyoharibika ni vigumu mno kuipatia mbadala. Alama haitasaidia ikiwa kaboni imebaki fupi kiasi kwamba springi haiisukumi tena, au komyuteta imechimbika mifereji. Hapo mpelekee fundi wa kusuka mota.