Somo: Kukarabati kasha la Philco 90 bila kupoteza rangi yake

Wakuu, kasha la Philco 90, ile redio ya valvu ya Marekani ya 1931 yenye umbo la tao, huharibiwa na msasa kuliko na umri. Sehemu kubwa ya rangi yake haiko kwenye mbao, iko ndani ya laka, yaani ile vanishi ya juu. Ukiivua laka yote unabaki na vipande visivyofanana: uso wa vinia (ubao mwembamba uliogundishwa juu) ya mti wa jozi huku, kitako cha mbao nyepesi kule. Kwa hiyo vua pale tu pasipo na njia nyingine.

1. Toa mitambo. Chomoa waya ukutani, na usitie mkono ndani kabla ya kumaliza chaji ya kapasita (vifaa vinavyotunza umeme) kupitia rezista (kizuia umeme). Zinaweza kubaki na volti mia kadhaa. Vifungo vya mbele hutoka kwa kuvutwa. Pitisha kitambaa nyuma ya kifungo, shika ncha zote mbili, vuta sawasawa. Ukichokonoa kwa bisibisi utatoboa vinia. Fungua bolti za chini, toa mitambo, kisha spika pamoja na ubao wake wa kitambaa.

2. Osha. Anza na kitambaa chenye tapentaini kuondoa nta na mafuta, kisha kingine kilichokamuliwa vizuri kwenye maji ya sabuni. Makasha mengi yanayoitwa mabovu ni machafu tu.

3. Pima aina ya rangi ya juu. Chini ya kitako, pasipoonekana, weka tone la spiriti. Pakinata, hiyo ni sheleki, vanishi ya utomvu wa wadudu. Pasiponata, weka tone la tina ya laka (kiyeyushi chake). Pakiyeyuka ni laka ya nitroselulosi.

4. Rudisha vinia. Gundi ya kiwandani ya wakati ule ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na joto huiamsha. Palipoinuka, weka kitambaa chenye unyevu kidogo, pitisha pasi ya joto la wastani kwa sekunde 10, kisha bana kwa kipande cha mbao kilichonyooka hadi papoe. Laka ya hapo inaweza kupauka. Itashughulikiwa hatua ya 5. Gundi ikiwa imekufa, vinia huinuka tena. Hapo chana uvimbe kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa sindano, futa inayotoka, weka karatasi ya nta juu ili ubao usigande, bana kwa saa 24. Palipokosa vinia weka kiraka, ukikate umbo la ngalawa, ncha zake zikifuata nyuzi. Kiraka cha mraba huonekana daima, kwa sababu mkato unaokatisha nyuzi haujifichi.

5. Laka yenye nyufa lakini haijabanduka, iyeyushe palepale. Laza upande unaoushughulikia uwe juu, chovya brashi laini kwenye tina inayokauka polepole, pita mara moja, usirudie. Utaona nyufa zikijaa na mng'ao ukirudi huku rangi ikibaki mahali pake. Brashi ikirudi mara ya pili huburuta laka iliyolainika na kuacha mistari.

6. Ikibidi kuvua, tumia tina na kitambaa au dawa ya kuvulia rangi, kisha msasa namba 220 na 320 kwa mkono tu. Vinia haifiki milimita 1, mashine huila kwa sekunde chache. Jaza vitundu vidogo vya asili vya mbao ya jozi kwa pati laini ya kahawia, ifute kwa kukatisha nyuzi, iache siku 2. Piga sila (rangi ya kwanza ya kuziba mbao), kisha funika uso kwa utepe na upulize laka yenye rangi kwenye ukingo na kitako, vinavyotakiwa kuwa vyeusi zaidi. Malizia na laka safi mikono 4 hadi 6, myembamba, dakika 30 kati ya mkono na mkono. Subiri wiki 2 kabla ya kung'arisha kwa msasa wa maji namba 1000. Ukiwahi, laka bado inasinyaa, na vitundu vitajichora upya.

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu, nimepuliza jioni hapa Tanga, asubuhi laka imekuwa nyeupe kama maziwa.
Jibu: Ni unyevu. Tina inapogeuka mvuke haraka hupoza uso, na maji ya hewani hunasa ndani ya laka. Usikwangue. Ngoja saa za adhuhuri siku kavu, puliza ukungu mwembamba wa tina ya polepole, weupe utaondoka. Pwani usipulize jioni wala mvua ikinyesha.

Swali: Poliyurethani je? Ni ngumu zaidi na inapatikana kila duka.
Jibu: Hapana. Ikishakauka haiyeyuki tena kwa tina, kwa hiyo hatua ya 5 haitawezekana maishani mwa kasha hilo. Mkwaruzo mmoja utadai kuvua upande mzima.

Swali: Kuna unga laini unadondoka kwenye vitundu vya kitako.
Jibu: Huenda wadudu wa mbao wangali hai. Funga kasha tupu kwenye nailoni, toa hewa, ligandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha liache lipate joto la chumba likiwa bado limefungwa, vinginevyo umande utainua vinia. Usizibe vitundu leo. Chora mduara wa penseli kuvizunguka. Unga mpya ukionekana baada ya mwezi, gandisha tena.