Pima maji kabla ya kupima dawa: ushauri kwa wauzaji wa vifaranga vya samaki Dodoma

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Dodoma unapopoa, utando mweupe kama pamba huanza kuonekana kwenye mapezi ya perege, na mkono wa muuzaji hukimbilia kopo la dawa. Mara nyingi dawa aliyoishika inafaa. Vifaranga wanakufa kwa sababu ya kiasi: maji yamekadiriwa kwa macho, au yamebadilishwa nusu kisha dozi nzima ikarudiwa.

Usiamini maandishi ya simtanki. Tangi limeandikwa lita 2,000, lakini umelikata juu na hulijazi hadi ukingoni. Chukua futi kamba, pima upana na kina cha maji yenyewe. Kwa tangi la duara, zidisha 3.14 kwa nusu ya upana, zidisha tena kwa nusu ya upana, kisha kwa kina, vyote kwa mita; jibu zidisha kwa 1,000 upate lita. Upana wa mita 1.4 na kina cha mita 0.9 vinakupa takribani lita 1,385. Ukitia dawa ya lita 2,000 humo, umezidisha kwa zaidi ya theluthi moja. Jibu liandike kwa rangi ubavuni mwa tangi, pamoja na mstari unaoonyesha maji yalipofikia.

Tuchukue chumvi ya mawe, ambayo kwa vifaranga waliochoka na safari ndiyo ninayopendekeza kwanza. Gramu 3 kwa lita zinatosha kuwapumzisha kwa siku kadhaa; kwa tangi letu ni kilo 4.15 hivi, iliyopimwa kwa mizani na kuyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Kesho yake ukitoa lita 400 na kujaza mapya, chumvi iliyoondoka ni kilo 1.2 tu, basi rudisha hiyo hiyo. Ukirudia dozi nzima unafika gramu 5 kwa lita, na ukifanya hivyo siku chache mfululizo, kambale wachanga hawatavumilia. Maji yanayopungua kwa jua na upepo ni jambo jingine: yanaondoka yenyewe na kuacha chumvi nyuma. Hapo ongeza maji matupu hadi mstarini, bila chumvi.

Kwetu kuna jambo la ziada. Visima vingi vya mkoa huu vina maji magumu, na vingine maji yake yana chumvi hata ulimi unaitambua. Kwa hiyo pima chumvi iliyomo kabla ya kuongeza yako. Kipimo kidogo cha mkononi kinatosha. Ugumu huo huo huharibu kazi ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, inayomwagwa majini, kwa sababu dawa hiyo hushikamana na kalisi na magnesi, madini yanayoyafanya maji kuwa magumu. Kama daktari wa mifugo ameiagiza, mwulize namna ya kuichanganya na chakula, na usivue samaki wa kuliwa kabla muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo haujaisha.

Mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, unahitaji uangalifu kuliko vyote. Katika maji ya mvua, ambayo ni laini, kiasi kidogo tu huua samaki; katika maji ya kisima yenye alkali nyingi, kiasi hicho hicho huenda kisifanye lolote. Hivyo dozi ya jirani anayevuna maji ya bati haikufai wewe wa kisima, wala yako haimfai yeye. Alkali ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita, achana na mrututu kabisa. Wanaouza samaki wa mapambo wa maji ya bahari hupima shaba majini mara kwa mara, maana kiwango kinachotibu, karibu miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita, hakiko mbali na kinachodhuru. Nasi tujifunze kwao kutumia kipimo badala ya kijiko.

Permanganeti ya potasi huliwa na uchafu. Maji ya zambarau yakigeuka kahawia ndani ya saa chache, tangi lilikuwa chafu na dawa imekwisha kabla ya kazi. Safisha kwanza, usiongeze juu kwa juu. Formalini hupunguza oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa iwake muda wote, na chupa yenye mashapo meupe isitumike. Dawa hizi mbili zisikutane tangini.

Dawa yoyote mpya ijaribu kwa samaki watano kwenye ndoo yenye maji ya tangi lile lile. Wakipanda juu kuhema au wakilala ubavu, watoe mara moja uwatie maji safi.

Matangi yanayochangia chujio moja yahesabu kama tangi moja, na kumbuka dawa za bakteria huua pia bakteria wanaosafisha maji humo. Maji yenye chumvi au mrututu usimwagilie mchicha. Siku ya kuuza, funga vifaranga kwenye maji safi, na umwandikie mnunuzi juu ya mfuko jina la dawa, kiasi na tarehe ya mwisho ulipoitumia, ili akifika Bahi au Kongwa asiwape dozi nyingine juu ya ile.