Kabla Hujaandika "Mali ya Makumbusho": Hatua za Kumtambua Mwenye Vitu

Chini ya kigoda kimoja nilichowahi kukitunza kulikuwa na namba mbili. Ya zamani iliandikwa kwa wino mweupe na ilianza na herufi A. Ya pili, ya wino mweusi, haikuwa na herufi. Kwenye daftari la kwanza A ilikuwa kifupi cha amana: mwenyewe alikileta kitunzwe, hakukitoa. Daftari liliponakiliwa kwenye kompyuta, safu ya "namna kilivyopokelewa" iliachwa kwa sababu programu haikuwa na mahali pa kuiweka. Tangu siku hiyo kila kitu stoo kikasomeka kuwa mali ya makumbusho.

Siku moja akaja mzee na mjukuu wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kigoda cha baba."

Kigoda nilimwonesha. Swali lake la pili ndilo lililonishinda: "Sasa hapa nani mwenye kauli?" Mkuu wetu alisema bodi. Bodi ikasema halmashauri. Halmashauri ikasema wizara. Hakuna aliyedanganya, ila hakuna aliyekuwa amesoma hati iliyoyaunda makumbusho yale. Hatua hizi ndizo ninazozifuata tangu hapo, na ninaziandika kwa ajili ya wenzangu wa makumbusho madogo, maafisa utamaduni, na koo zinazotafuta vitu vyao.

Hatua ya 1: Jua makumbusho ni nani mbele ya sheria

Mara nyingi "makumbusho" ni jina la jengo, na jengo halimiliki kitu. Mmiliki ni mtu, au chombo ambacho sheria inakihesabu kama mtu: kinashitaki na kushitakiwa, kinanunua na kuuza kwa jina lake. Anza na karatasi tatu: akaunti ya benki, hati ya kiwanja, na mkataba wa ajira wa mtunzaji. Angalia jina lililoandikwa juu. Yakiwa majina matatu tofauti, na hutokea, umeshaona kazi iliyo mbele yako.

Pale makumbusho yanapokuwa idara ya serikali, kama Makumbusho ya Uganda mjini Kampala yaliyo chini ya wizara ya utalii, idara haina nafsi yake. Vitu ni vya serikali, na mkuu wa idara ni mlinzi tu. Zanzibar nayo ina idara yake chini ya Serikali ya Mapinduzi, maana mambo ya kale si jambo la Muungano. Bodi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Dar es Salaam haina kauli Unguja.

Shirika lililoundwa kwa sheria ni kitu kingine. Makumbusho ya Taifa ya Tanzania yana sheria yao ya 1980, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ya 2006. Haya yanaweza kumiliki kwa jina lao wenyewe, ndani ya mipaka ya sheria hiyo.

Kenya inahitaji uangalifu zaidi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyataja makumbusho kati ya kazi za kaunti, huku majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo unaweza kusimama ndani ya chumba kimoja ambamo kuta ni za mmoja na vilivyomo kabatini ni vya mwingine.

Kwa vikundi vya jamii, huku Tanzania njia iliyo salama ni wadhamini waliosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa sababu hapo mali inakaa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, haikai kwa jina la mwenyekiti. Kikundi kisichosajiliwa hakimiliki hata mkuki mmoja. Mwenyekiti akifariki, warithi wake wanaweza kuingia na kubeba, na kikundi hakitakuwa na jina la kusimama nalo mahakamani.

Hatua ya 2: Isome hati iliyoyaunda, na utafute vitenzi

Usiishie kwenye utangulizi wenye maneno mazuri ya urithi na vizazi vijavyo. Tafuta vitenzi: kumiliki, kushikilia, kuazimisha, kuuza, kuondoa. Kisha tafuta nani amepewa kila kitenzi.

Hapa ndipo makumbusho mawili ya mji mmoja yanapoweza kutoa majibu yanayopingana. Mfano mzuri ni London. British Museum inaongozwa na wadhamini wasiozidi 25, na 15 kati yao huteuliwa na Waziri Mkuu. Sheria ya 1963 imeviweka vitu mikononi mwa wadhamini hao, lakini kifungu cha 5 kimewafunga: hawawezi kuondoa kitu isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano kina pacha wake au kimeharibika hadi hakifai tena. Mwaka 2005 wadhamini walitaka kurudisha michoro minne iliyoporwa na polisi wa Wanazi. Mahakama ikasema hapana: wajibu wa kimaadili haupindui sheria ya Bunge. Ikabidi Bunge litunge sheria nyingine, ya 2009, kwa ajili ya mali zilizoporwa zama za Wanazi peke yake.

Sasa fikiria ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa mto Tana, iliyomo British Museum tangu 1908. Wazee wakiandika barua kwa mkurugenzi, wanamwandikia mtu asiye na ufunguo. Wadhamini wanaweza kuazimisha. Kutoa moja kwa moja kunapitia bungeni. Kulijua hili kabla hujaandika barua kunaokoa miaka.

Kusini mwa jiji hilohilo kuna makumbusho ya Horniman. Frederick Horniman aliyatoa kwa watu wa London mwaka 1901, yakakaa chini ya serikali ya jiji, na leo ni taasisi ya hisani yenye wadhamini wake. Kifungu cha 5 hakiyahusu. Nigeria ilipoomba vitu vilivyotekwa mwaka 1897 kwenye ufalme wa Benin, ulioko leo ndani ya Nigeria, wadhamini walipiga kura, wakapata idhini ya tume inayosimamia taasisi za hisani, na Novemba 2022 wakahamisha umiliki wa vitu 72. Historia ya uporaji ni ileile na sheria za nchi ni zilezile. Kilichotofautiana ni muundo.

Ufaransa ni ngumu zaidi kwa sababu mkusanyo wa umma hauwezi kuhamishwa bila sheria kuruhusu. Vitu 26 vya Benin, ile nchi jirani ya Nigeria yenye mji wa Abomey, vilihitaji sheria yao maalumu ya Desemba 2020. Ubelgiji, yenye makumbusho ya Tervuren yaliyojaa vitu vya Kongo, ilipitisha mwaka 2022 sheria ya jumla inayofungua mlango huo.

Hatua ya 3: Rudi kwenye daftari, kitu kimoja kimoja

Hati inakuambia makumbusho yanaweza kumiliki. Haikuambii kama yanamiliki kigoda hiki. Hilo liko kwenye daftari la mapokezi, na nataka ukae hapa muda mrefu.

Kiswahili kimetupa maneno sahihi kuliko fomu nyingi nilizozijaza. Kukopa ni kurudisha mfano wa ulichochukua. Kuazima ni kurudisha chenyewe. Kitu cha maonesho basi ni cha kuazimwa, na fomu zetu zinazosema "mkopo" zinatuchanganya bila sababu. Amana ni kitu kilichowekwa kitunzwe, na mwenyewe anaweza kukifuata wakati wowote. Zawadi imehama mikono. Ununuzi umehama, mradi muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Mwizi hahamishi umiliki kwa kuandika risiti.

Halafu kuna wakfu, ambao pwani yetu inaujua vizuri. Msahafu wa mkono ulioletwa kutoka msikitini unaweza kuwa umeandikwa ukurasa wa mwanzo kwamba ni wakfu, hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi. Aliyeuleta makumbusho, hata akiwa imamu, hakuwa na cha kutoa. Fungua ukurasa huo, umtafute anayesoma Kiarabu, upige picha. Kule Zanzibar unaye wa kumuuliza: Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kilichotoka ardhini kina njia yake. Sheria ya Kenya ya 2006 inasema vitu vya kale vilivyomo ardhini, au vitakavyogunduliwa, ni mali ya serikali. Mkulima akikuletea chungu alichokifukua shambani, usimwandikie hati ya zawadi. Andika kwamba amekabidhi, na umpe karatasi.

Mabaki ya watu usiyaweke kwenye safu ya mali kabisa. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilitajwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, likatoka kwenye makumbusho ya Bremen na kurudi Kalenga mwaka 1954. Pale Versailles serikali ziliandikiana kama zinakabidhiana kitu, na aliyeahidiwa kukabidhiwa ilikuwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Jina la familia yake halimo. Tusilirudie kosa hilo kwenye madaftari yetu: fungua orodha tofauti na uandike "wanasubiri kurudi".

Daftari letu la kwanza tulilipata baada ya wiki mbili, kwenye sanduku lililokuwa limewekewa vyandarua juu. Mstari wa kigoda ulikuwa na jina la baba wa mzee, kijiji, na neno amana kwa kirefu, kwa wino uliokoza. Tukalipeleka kwenye kikao cha halmashauri. Kigoda kilirudi nyumbani baada ya miezi mitano, na mitatu kati ya hiyo ilitumika kujadili nani atie saini.

Hatua ya 4: Fuata kila mara makumbusho yalipobadili mikono

Andika kwenye karatasi moja: makumbusho yalianzishwa na nani, yakahamia kwa nani, lini, kwa hati gani. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Kati ya jina lile na hili kuna uhamisho, na kila uhamisho una orodha, au unapaswa kuwa nayo. Kumbuka kwamba anayekabidhi hawezi kukabidhi zaidi ya alichonacho. Amana inabaki amana hata ikipita kwa wakuu watano.

Mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, anafaa kufanyia mazoezi. Mifupa ilichimbwa karibu na Lindi kati ya 1909 na 1913, kwenye ardhi ambayo utawala wa Kijerumani ulikuwa umejitangazia kuwa yake, ikabebwa vichwani hadi bandarini. Ilikwenda kwenye makumbusho yaliyokuwa ya chuo kikuu cha Berlin. Tangu 2009 makumbusho hayo ni taasisi ya umma inayojitegemea, nje ya chuo. Ukiuliza leo, barua inakwenda kwa bodi ya taasisi hiyo, na hoja yako inaanzia kwenye lile tangazo la ardhi, maana ndilo pete ya kwanza ya mnyororo. Mimi ni mtu wa kusini, nasema wazi kwamba pete hiyo ni dhaifu.

Hatua ya 5: Uliza, makumbusho yakifilisika?

Tunadhani vitu vya makumbusho haviguswi na wadai. Si kweli. Makumbusho ya Wedgwood, Uingereza, yalikuwa na bodi yake na mkusanyo wa ufinyanzi wa kampuni. Wafanyakazi wake watano walikuwa kwenye mfuko mmoja wa pensheni na kampuni mama. Kampuni ilipoanguka mwaka 2009, deni la pensheni, zaidi ya pauni milioni 130, likayaangukia makumbusho. Mwaka 2011 mahakama ikaamua mkusanyo ni mali ya taasisi na unaweza kuuzwa kulipa. Uliokolewa kwa michango ya pauni milioni 15.75 mwaka 2014.

Huko Detroit, Marekani, vitu vya makumbusho ya sanaa vilikuwa vya jiji tangu 1919 huku shughuli zikiendeshwa na taasisi isiyo ya faida. Jiji lilipofilisika mwaka 2013 wadai wakaingia kuthamini michoro. Suluhu ya 2014 ilileta zaidi ya dola milioni 800 kwa ajili ya pensheni, na umiliki ukahamishwa kwa ile taasisi ili jiji lisiweze tena kuwekea vitu rehani.

Kwako wewe maana yake ni kazi ya mchana mmoja: soma katiba ya chombo chenu, kifungu cha kuvunjwa. Kama hakisemi vitu vitakwenda wapi, mkirekebishe kwenye mkutano mkuu ujao. Andikeni pia kwamba amana na vya kuazimwa vinarudi kwa wenyewe kabla ya deni lolote.

Hatua ya 6: Mpokeaji naye ana muundo

Berlin ilipohamisha umiliki wa vitu 512 vya Benin mwezi Agosti 2022, upande wa pili wa meza ilikaa tume ya makumbusho ya Nigeria. Machi 2023 Rais Buhari akatangaza kwamba mwenye vitu hivyo ni Oba wa Benin. Taasisi za Ulaya zilizodhani zimejua zinamkabidhi nani zilishtuka. Vivyo hivyo vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vya Wamijikenda: makumbusho ya Denver yaliamua kuviachia 30, na wa kuvipokea kisheria ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lakini kila kigango kilisimamishwa kwa ajili ya mzee mmoja wa Gohu, chama cha wazee, katika mji wake. Mkataba wa kurudisha uwe na pande tatu tangu rasimu ya kwanza, ukoo ukiwemo kwa jina.

Hatua ya 7: Andika, kwa nakala tatu

Kwa kila kitu, mistari hii mitano: kimeletwa na nani, kwa namna gani (zawadi, ununuzi, amana, azima, wakfu, kufukuliwa, haijulikani), aliyekipokea alisaini kwa niaba ya chombo gani, chombo hicho kinaruhusiwa kukitoa na nani, kirudishwe kwa nani chombo kikivunjwa. Usione haya kuandika "haijulikani". Ni bora kuliko "mali ya makumbusho" iliyobuniwa.

Nakala moja ibaki ofisini, moja kwa aliyeleta, ya tatu iwekwe nje ya jengo, kwa wakili au ofisi ya kata. Mkihamia kwenye kompyuta, safu ya pili ndiyo ya kwanza kunakiliwa, na daftari la karatasi halitupwi. Na namba ya zamani iliyo chini ya kitu usiifute; andika mpya pembeni yake.